Rangi ya Laptop ya Kwaya

Teo, shemeji yako Fidelis amebanwa Makambako, hana pa kutokea!

Kwaya ilimtuma akaangalie toleo jipya la laptop yao, kama linafaa kununuliwa. AKAANGALIE tu. Naye, kwa kuwa ndiye katibu wao, kwa umakini akabeba na ya zamani, azilinganishe.

Mama mwenye duka akaziwasha zote mbili. "Kaka, nisikudanganye. Spidi ni ileile, chaji ileile. Wamebadilisha rangi tu."

Rangi tu! Fidelis akashukuru, akampigia mwenyekiti wa kwaya: haifai, narudi Njombe.

Teo, sikia sasa jibu la mwenyekiti! "Haifai? Padri ameshatangaza kwenye misa ya asubuhi. Jumapili anaibariki hiyo mpya."

Na ile ya zamani wameahidiwa watu wa kigango cha jirani. Wameshaitungia wimbo wa shukrani. WIMBO, Teo!

Sasa hivi kanipigia, ananong'ona. Bado yuko dukani, ya zamani kaipakata kama mtoto mgonjwa, hanunui wala haondoki. Nikadhani ataniomba ushauri wa maana.

"Mama Jenifer," ananiuliza, "hivi mtu akikaa benchi la nyuma kanisani, hiyo rangi mpya ataiona?"