Kunguru Aliyegoma Kula Wali wa Baba

Nashik, 16 Julai 2007

Kaka Waman,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko hii mvua inayonipiga mgongoni nikikuandikia kwenye kibanda cha chai. U mzima? Mgongo wako je? Na huko Muscat bado wanakulipa umwagilie nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, analia kidogo, ananigombeza sana, kwa hiyo mzima kabisa. Mimi mzima pia ila nywele sina, nimenyolewa kwa msiba. Kichwa kinang'aa kama sufuria ya harusi, mpaka jana mtoto mmoja kajitazamia meno humo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unanikatia. Barua haikatiki. Labda uichane, na mpaka uichane utakuwa umeshasoma mawili matatu.

Jana ilikuwa siku ya kumi tangu Baba afariki. Ulitakiwa uwe wewe, mkubwa. Hukuja, nikakaa mimi. Kaka, ungeuona mto! Godavari imejaa, sanamu ya Maruti wetu pale katikati maji yameifika kiunoni, na watu wa mji wanampita wakimsalimu kama jirani aliyekwama kisimani. Kengele zinalia mtaa wote wa Panchavati, maua ya manjano yanaelea, kina mama wanafua huku wengine wanaomba, na moshi wa ubani unapigana na mvua na unashinda. Nimeuza bidhaa kila kona ya Mumbai, lakini mji ambao hata kumlilia mtu kunapendeza ni huu wetu tu.

Tukakaa kwenye ngazi za Ramkund, palepale mtoni, familia kama kumi hivi, kila mmoja na madonge yake ya wali kwenye jani. Kuhani akasoma yake, tukarudi nyuma, tukasubiri kunguru, maana si unajua, asipokula basi marehemu kaondoka na dukuduku. Jamaa wa kando yetu, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye tumbo la kumtosha yeye na marehemu wake, hajaweka jani chini vizuri, kunguru huyo! Kala, kaondoka. Jamaa akatugeukia: "Marehemu wetu hakuwa na kinyongo na mtu."

Wa kwetu? Kunguru katua kwenye ukuta, kautazama wali, katazama pembeni. Kama mkwe aliyeletewa chai baridi.

Ba'mdogo Sakharam akashika shanga zake za mrehani, zile za kiapo cha kutogusa pombe, akasema, "Kaka, usiwe na shaka, kila mwaka nitakwenda kuhiji Pandharpur kwa miguu kwa niaba yako." Kunguru akajichokoa bawa. Mama akasema, "Dawa yangu ya presha nitakunywa, basi kula." Wapi! Mimi nikasema, "Baba, mwaka huu naoa." Kaka, naapa, kunguru akageuka akatupa mgongo. Watu wakacheka kwenye msiba wa watu! Nikamtupia bhajia kwa siri. Hakuitazama. Mama akanipiga na mwamvuli wangu mwenyewe, tena ule wa kuuza.

Wenzetu wote wakamaliza wakaenda. Kuhani akaanza kusokota nyasi atengeneze kunguru wa nyasi, aguse naye wali, mambo yaishe. Mama akamshika mkono. "Guruji, mimi huyu mtu nimeishi naye. Hakuwahi kuridhika na vya kuigiza. Acha nyasi zako."

Tukalowa. Nikachoka. Sikufikiri, kaka, mdomo wangu unajua wenyewe njia. Nikapiga kelele: "Baba, shamba la kisimani ni la Waman! Apande zabibu anazotaka, hata za kutengenezea mvinyo! Arudi tu nyumbani!"

Akashuka. Hakudonoa, alikomba. Kala donge la kwanza, la pili, akapindua na jani. Ba'mdogo shanga nusura zimkabe. Mama alikaa chini palepale kwenye maji.

Basi ndiyo hivyo. Nimeahidi kwa jina lako, na aliyeahidiwa kapokea. Utarudi?

Mdogo wako, mwenye kipara,
Dagdu


Muscat, 29 Julai 2007

Ndugu Dagdu,

Salamu. Mimi mzima, natumaini na nyinyi wazima. Mwambie Mama nimeshika mfungo siku ile ya kumi. Nilikuwa peke yangu na ndoo ya maji badala ya mto.

Barua nimeisoma. Umeandika vizuri. Wewe tangu mdogo ulikuwa unaweza kumuuzia kinyozi nywele. Lakini Baba si bidhaa. Kunguru alikuwa na njaa, mvua ilikuwa kubwa, na wewe mwenyewe umesema ulimtupia bhajia. Ulikuwa unatafuta la kumfurahisha Mama.

Siku niliyogombana na Baba hukuwepo, ulikuwa Mumbai, Dadar, unauza vitana. Nilimwomba ekari moja tu, ile ya kisimani. Nilimchorea kwa kijiti kwenye vumbi nilivyotaka kuipanda. Akashika shanga zake, kama zile za ba'mdogo, akasema, "Kutoka kwenye jasho langu hakitoki kitu cha kumlewesha mtoto wa mwenzangu." Akaufuta mchoro kwa mguu, taratibu, kama mtu anayezima sigara. Akasema ekari hiyo italala kavu mpaka nipate akili. Nikabeba mkoba nikaondoka. Hakuniita. Mpaka anakufa hakuniita.

Mtu asiyeniita akiwa na mdomo, hawezi kuniita kwa mdomo wa kunguru. Usiniandikie tena habari hizo. Mwangalie Mama.

Kaka yako,
Waman


Dadar, 13 Agosti 2007

Kaka Waman mpendwa, mkali wangu,

Habari za joto? Hapa mvua bado, miamvuli inakwenda. Mimi mzima, nywele zinarudi moja moja kama wadeni. Mama anakusalimu, anauliza kama huko mnapata mtama.

Umeniambia nisikuandikie habari za kunguru. Sawa. Nakuandikia za biashara.

Nimeanza safari za siku moja! Nakusanya watu hapa Dadar, nakodi gari, alfajiri tunaondoka. Asubuhi nawapeleka Ramkund waoge dhambi zote, wapige magoti kwenye hekalu la Kalaram, wale misal, ule mchuzi wa pilipili, mpaka pua zitoe machozi. Mchana nawapeleka kwenye mashamba ya mizabibu, jioni waanze dhambi upya. Watu wanafurahi kaka! Juzi nilikuwa na mafundi cherehani saba na mama mkwe mmoja.

Na mimi niliyezaliwa mulemule, nikajikuta nimesimama kama mgeni. Kilima chote kijani, mawingu yamelala juu ya bwawa, safu zimenyooka kama nywele za mtoto siku ya kwanza ya shule. Pale kwenye nyumba ya mvinyo nilionja. Usimwambie Mama. Uchachu wake kama maneno ya shangazi Yamuna, halafu baadaye utamu unakuja polepole, kama shangazi Yamuna akishakula. Mama mkwe wa fundi alikunywa wa kwake, akanywa wa mkwewe, akaanza kuimba nyimbo za dini. Hakuna aliyemzuia, sauti anayo.

Nikawapitisha nyumbani, Mama akawapikia. Pale kisimani ndipo nilipoona Baba alikuwa amechoka akili siku za mwisho, masikini. Ile ekari aliyosema italala kavu, mwezi wa pili alipanda mizabibu mwitu, safu baada ya safu. Zabibu gani ya kubebesha juu yake, kupachika kijiti chake kwenye shina la mwitu, hakumwambia mtu. Jirani akimuuliza, anamjibu habari za mvua. Tena yeye ambaye maisha yake yote zabibu zake anazijengea paa la waya mpaka unatembea chini yake kama sokoni, safari hii kaweka nguzo fupi na waya kama uzio. Uzio gani huo? Mbuzi anauruka akitafuna! Safu nazo hazifuati mtaro, zimeelekea kaskazini. Ba'mdogo anasema ni aibu, sikukuu ya Ganpati ikishapita atang'oa yote apande vitunguu. Nimemwambia sawa, ang'oe, mwitu utatusaidia nini.

Jitunze. Kula.

Mdogo wako,
Dagdu


Muscat, 24 Agosti 2007

Dagdu,

Barua hii nimempa Kunjumon, tunalala chumba kimoja, anaruka leo usiku kwenda Mumbai. Akikupa, usikae. Usimalize hata chai. Nenda nyumbani.

Asing'oe mtu! Hata mche mmoja!

Zabibu za mezani ndizo zinazotaka paa. Za mvinyo zinapandwa hivyohivyo, kama uzio, nguzo fupi, safu kaskazini kwenda kusini, ili asubuhi jua lipige upande huu na jioni ule. Ndio mchoro wangu. Ndio ule alioufuta kwa mguu. Nilimchorea mara moja, Dagdu, mara moja tu, na hakuna mwingine aliyeuona.

Hakubebesha kwa sababu aina hakutaka kuchagua yeye.

Niambie kati ya safu na safu kuna hatua ngapi. Niambie mashina yamenenepa kama kidole kipi. Mwezi wa tisa ukipita bila kubebeshwa, mwitu utabaki mwitu.

Mama mzima?

Waman


Nyumbani, 29 Agosti 2007

Kaka yangu,

Salamu za haraka, na za matope. Mama mzima, tena mzima kupita kiasi, soma uone.

Kunjumon alinikuta stesheni, chai nimeiacha kwenye glasi, na mwenye kibanda ananidai mpaka leo. Nafika nyumbani, ba'mdogo hakusubiri Ganpati wala nani. Trekta la kukodi linanguruma kwenye ekari yetu!

Nikalala mbele ya tairi. Dereva akasema, "We mwendawazimu, nina shamba jingine saa kumi." Nikamwambia, "Pita basi, kwani jina langu si Dagdu, yaani jiwe? Tairi lako ndilo litakaloumia." Ba'mdogo akaja juu: "Shenzi wewe, toka!" Nikamsomea barua yako hapohapo chini, matope mpaka masikioni. Nilipofika pale pa mchoro, Mama akatoka jikoni na unga mikononi.

Akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akasema, "Ndiyo maana. Kila jioni alikuwa anakaa pale kisimani anachora chini na fimbo, anafuta, anachora. Nilidhani anahesabu majina ya Mungu."

Ba'mdogo akalitazama shamba. Akazitazama shanga zake. Akamlipa dereva aende zake. Halafu akaniambia kwa hasira, "Unasubiri nini, inuka upime hizo hatua!"

Kati ya safu na safu ni hatua tatu, za Baba, si zangu. Mashina bado hayajafika kidole cha Mama cha mwisho, anasema mpaka wiki ya tatu ya mwezi wa tisa yatafika unene wa penseli. Wabebeshaji wameuliza aina gani walete. Nimewaambia mwenyewe yuko njiani.

Nimekuahidia tena, kaka. Ndio kazi yangu. Mama ameweka kiti cha Baba kwenye safu ya kwanza, anashinda pale na mwamvuli wangu mmoja, hamruhusu hata mbuzi.

Anakusubiri wewe.

Mdogo wako,
Dagdu


Nyumbani, 7 Oktoba 2007

Mdogo wangu Dagdu,

Salamu kutoka kisimani. Hujambo? Nywele zimerudi? Mimi sijambo, mgongo unaniuma vizuri, si kama ule wa Muscat. Mama mzima, dawa anakunywa, anasema alimwahidi kunguru.

Mpaka sasa hatujazoea maneno mengi mimi na Mama. Nilipofika alinipa chapati na mboga ya biringani, akanitazama mpaka nikamaliza, akasema, "Umekonda. Kisu cha kubebeshea kiko juu ya kabati." Basi. Tukaingia shambani.

Wabebeshaji walikuja na vijiti vya zabibu nyeusi ya mvinyo, vimefungwa kwenye gunia lililoloa, kazi wakatuachia wenyewe. Mimi nachana shina, Mama anapachika kijiti, na mtu wa kufunga utepe tukawa hatuna. Ba'mdogo alikuwa amesimama kwenye mtaro, mgongo katugeuzia. Akasema kwa sauti, "Mimi sioni kinachopandwa hapa. Mimi nashika utepe tu." Ametufungia ekari nzima bila kuona. Hajakosea hata mmoja.

Vijiti karibu vyote vimeshika. Vimetoa jani moja moja, rangi yake kama sikio la ndama.

Maneno yangu ya bhajia nimeyafuta. Ila kuna kunguru anatua kwenye nguzo ya kwanza kila asubuhi, Mama anamkatia chapati na kumgombeza kwa kuchelewa.

Jumapili lete abiria wako, Mama atapika. Waambie mashada bado miaka, waje kutazama majani tu. Na waambie jambo moja, maana hata mimi lilinipata siku ya kwanza, na ba'mdogo analifanya bila kuambiwa: wakifika kwenye safu wavue viatu. Nilimuuliza Mama kwa nini, kwani hapa ni hekaluni?

Akanijibu, "We vua tu."

Kaka yako,
Waman