Wananitaka Nisimulie Kipigo Ukumbini

Shangazi Felicitas, shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tangu masika nakuandikia kichwani tu huku nasonga ugali, nikishika kalamu mtoto analia au hasira inanipanda naiweka chini, ila safari hii nimeamua hasira ikae humu humu kwenye barua.

Naishi Mkolani na binti yangu mdogo, Nice. Baba yake, Longino, nilimkimbia kwa sababu ya kipigo, na suala la nani akae na mtoto liko ofisi ya ustawi wa jamii, nikifika pale nasimulia dirishani, foleni nyuma yangu inasikiliza kama redio, nikirudi nakuta afisa mwingine, "mama hebu anza mwanzo," naanza mwanzo, na utaratibu wao ni kwamba mlalamikaji na mlalamikiwa wanaitwa asubuhi moja wasuluhishwe, kwa hiyo tunakaa benchi moja Shangazi, mimi na aliyenivunja mkono, siku moja akanisogelea akaninong'oneza, "Umenenepa, nani anakulisha?" na Nice kwa woga akanikojolea mapajani, mlinzi akacheka, eti mama toa mtoto nje, unachafua ofisi ya serikali.

Sasa afisa anayeshika faili letu siku hizi, kaka Revocatus, kanipigia simu kwa furaha. "Dada, tunaboresha huduma! Unakuja utaratibu mpya wa kuwahudumia watu wenye kiwewe, nimekuchagua uwe sauti ya wahanga." Nikafurahi, nikajua wataniuliza kuhusu lile dirisha. Kumbe anataka nisimame ukumbini kwenye mkutano wa kuuzindua, mbele ya wageni na kamera nieleze nilivyopigwa, "na ukilia usijali, wageni wataguswa." Nikamwambia nina maoni kuhusu foleni, akasema maoni wataandika wataalamu, wewe leta stori. Nikakataa. Akasema, "Sawa, ila faili lako liko mezani kwangu."

Mama yangu anasema nenda tu, umeshasimulia mara ngapi, moja zaidi itakuua? Mimi naona itaniua, na nikikataa naogopa watampa Longino mtoto.

Pole sihitaji, nimepewa nyingi. Nitumie maneno ya kumjibu Revocatus bila kumtukana, cheo cha mtu aliye juu yake, na ukweli kama nikikataa ukumbi Nice atabaki kwangu.

Mama Nice, Mkolani

*

Marahaba mwanangu. Kabla ya kuichapa barua yako majina nimeyabadilisha yote, hata la mtoto, maana hapa mjini tunajuana.

Kwanza nikugombeze. Umeandika kuhusu faili kuwa mezani kwake kama vile ni maongezi ya kawaida. Hicho ni kitisho! Kilitakiwa kiwe mstari wa kwanza wa barua yako. Na kwa nini unakwenda pale peke yako kila mara? Mama yako mwambie nimemkasirikia, na adhabu yake ni kukusindikiza.

Ukweli ulioomba: Revocatus hana mamlaka ya kumgawa Nice. Mkishindwana wewe na Longino, mwamuzi ni mahakama, na mahakama inatazama usalama wa mtoto, haiulizi nani alihudhuria mkutano. Kwa hiyo kataa.

Maneno ya kumjibu ni haya: "Kaka, maelezo yangu yamo kwenye faili, yasome. Ukumbini nitazungumzia huduma, kipigo sitakizungumzia." Akikubali, nenda ukaseme yote kuhusu dirisha, benchi na yule mlinzi, maana hayo hakuna mtaalamu aliyeyapitia. Akikataa, baki nyumbani. Wanataka kutibu kiwewe huku wanakitonesha mbele ya kamera! Mikutano ya namna hiyo nimeichoka.

Jumatatu nendeni halmashauri, muulizieni mkuu wa ustawi wa jamii. Mweleze alivyokutisha. Omba afisa mwingine, chumba chenye mlango, na siku isiyo ya Longino. Usiseme "kama inawezekana," sema "nahitaji." Wakikuzungusha, tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo wasiotoza. Longino akikunong'oneza tena, hata kama ni palepale ofisini, inuka uende dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo.

Na ukishamjibu, Revocatus akipiga simu tena, usipokee. Mwenye la kukwambia kuhusu mtoto wako aliandike, atie na sahihi.