Wendell Katupa Nyumba ya Mashetani

Shoga, nimejifungia gereji. Nikitoka namrarua Wendell. Kaka gani huyu!

Unaukumbuka ule mchezo wa televisheni alionunua baba, wa mwaka sabini na mbili? Ule wa kidoti cheupe tu, na zile plastiki za rangi zenye picha tulizokuwa tunabandika kwenye kioo cha televisheni ili kidoti kipate pa kwenda? Kazitupa. ZOTE! Gari la taka limeshapita!

Eti "nilidhani ni za kufungia mzigo". Za kufungia mzigo! Ile ya nyumba ya mashetani ina ngazi, ina jiko, ina paka kwenye dirisha, halafu ya kufungia mzigo!

Na mama alikuwa ameshakaa anasubiri. Unajua hali yake ya kusahau, mimi mwanawe mwenyewe siku hizi ananiita "dada". Lakini mchezo huo haumtoki, kila Jumapili tukimaliza kula anaudai.

Nikauwasha hivyohivyo. Kioo kitupu, kidoti kinaelea gizani. Nilitaka kulia.

Mama akashika vile vitufe vya kuzungusha, akaanza safari. "Hizi ngazi. Hili jiko. Paka huyu hapa." Shoga, kapita nyumba nzima isiyokuwepo! Halafu akanigeukia: "Roxanne, sogea, unanizibia mlango."

ROXANNE. Kanitaja!

Sijapumua, Wendell huyo: "Umeona? Hata hazikuwa na kazi."

HAZIKUWA NA KAZI!

Mama bado ananiita huko ndani, kwa jina langu kabisa, na mimi kwa hasira hizi siwezi kutoka.