Bidhaa ya Mwisho Sokoni kwa Lamar

Jeddah, mtaa wa Nuzha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Na mwanangu Furaha, bado anakataa maharagwe? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nampa Zainabu, yaya wa nyumba ya jirani, anayesafiri kesho kurudi nyumbani, kwa sababu simu yangu madam ameificha tena.

Unajua mkataba wangu wa kazi za ndani uliisha miezi mitano iliyopita. Kila nilipouliza nitarudi lini, madam alinijibu, "Mafi safari, hakuna safari, mpaka tupate mwingine." Pasipoti yangu mumewe aliichukua siku niliyofika, na bila yeye kuniombea ruhusa ya kutoka nchini, nisingeweza kwenda popote. Nimelia, Mama, mpaka nimechoka kulia.

Sasa sikia yaliyotokea wiki iliyopita. Lamar, binti yao wa miaka minane, alipewa kazi ya shule: awaeleze wenzake jinsi Waviking, mabaharia wa kale wa nchi za baridi, walivyofanya biashara. Madam akakumbuka kuwa nilikuwa mwalimu wa chekechea. "Yalla, haya, msaidie."

Nilimsimulia ulivyokuwa ukibadilisha ndizi zetu kwa maziwa ya akina mama wa Kimaasai pale sokoni Taveta, kopo kwa kichane, mkibishana mpaka kila mmoja aridhike. Alielewa mara moja. Tukatandika mkeka sebuleni, nikamwambia alete chochote cha nyumbani tukiite bidhaa, kama nilivyowazoeza watoto wangu darasani. Sikufikiria mbele, Mama. Hapa si darasani kwangu.

Koti la madam likawa ngozi za wanyama. Asali ikawa asali. Vijiko vikawa vipande vya fedha, maana kitabu chake cha shule kinasema Waviking waliipenda sana fedha ya Waarabu, wakiikata na kuipima kwa mizani. Kisha Lamar akafika mwisho wa orodha ya bidhaa kitabuni.

"'Na watu.' Waliuza watu, Rehema?"

"Ndiyo. Waliwateka, wakawauza."

"Sasa watu tutawapata wapi?"

Kabla sijajibu alishakimbilia chumbani kwa baba yake. Akarudi na pasipoti yangu.

"Huyu hapa, picha yako imo. Utanipa asali kiasi gani?"

Mama, nikaipokea. Nilitaka niifiche kifuani nikimbilie Kandara, mtaa wa hapa Jeddah wanakokusanyika wenzetu waliotoroka. Lakini bila ile ruhusa ningeshikwa tu, tena kama mwizi, na mtoto angepigwa. Nikakaa nayo mapajani mpaka baba yake aliporudi kula chakula cha mchana.

Lamar alimwonyesha soko lake kwa furaha, kitu kimoja kimoja. "Na huyu ni mtu," akasema. "Bado hatujui bei."

Madam akaanza kunifokea. Nami nikampa mumewe pasipoti kwa mikono miwili, nikamwambia, "Baba, mtoto anauliza bei yangu. Mimi nimeshindwa. Mjibu wewe."

Aliipokea. Aliingia chumbani, chakula kikapoa mezani.

Jana asubuhi alinirudishia pasipoti. Ruhusa imetoka, na tikiti ni ya Jumanne. Madam bado amenikasirikia.

Nisalimie kaka Joseph, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi anayekuja kukukanda goti. Mwalimu mkuu mwambie nitabisha mlangoni kwake kuomba kazi. Ila Furaha usimwambie bado. Nikikwama uwanja wa ndege, asije akakaa mlangoni kuningoja bure.

Nimekatiza kuandika kidogo. Lamar ameingia, amekuta nimeshakunja nguo. Ameniuliza, "Ukienda, baba anapewa nini?"

Nimemwambia hapewi kitu.

Amefikiri, akasema, "Basi hiyo si biashara."

"Si biashara, mwanangu," nimemjibu, na machozi yamenitoka mbele yake bila aibu.

Ni mimi mwanao,
Rehema