Nyayo Alizofuata Masanja

Jumapili, Agosti 1975

Na nilivyojisifu mbele za watu!

Nimempelekea mwanangu Masanja michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kambini, huko porini anakosomea uaskari wa wanyamapori. Wenzake wakaniambia leo kwenye mazoezi kafuata nyayo za jangili hadi wakamkamata. Nikajipiga kifuani, nikasema, "Huyo kanyonya hapa!"

Kisha nikamwona jangili, kafungwa kamba. Alikuwa kaka yangu Ng'wandu, aliyemfundisha Masanja kusoma nyayo wakichunga ng'ombe.

"Mayu, mama yangu, nyayo zake nilizijua tangu mwanzo," Masanja akaninong'oneza. "Mwalimu alikuwa nyuma yangu."

Kaka akacheka. "Mjomba, umefuzu."

Kesho wanampeleka polisi Bariadi.

Nimerudi kijijini Nkoma, wifi yangu akauliza kama nimekutana na mumewe njiani. Nimemwambia hapana. Nikaendelea kumsifu Masanja, nisijue namna ya kunyamaza.