Shangazi Ameweka Marumaru Kwenye Baraza Tunalotaka Kulihifadhi

Bi Zeina mshauri wetu, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila asubuhi na leo naomba msaada wa haraka, maana nina furaha na hofu kwa pamoja na sijui nishike lipi.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu hapa Kariakoo, ile inayopitia maombi ya watu wanaotaka fedha za kutunza nyumba za zamani kabla maghorofa hayajazimeza zote, na mwaka huu, Bi Zeina, kwa mara ya kwanza tumepata fungu la maana, la kutosha kutengeneza nyumba moja vizuri kuanzia paa mpaka msingi, na maombi yote yamechujwa zikabaki nyumba mbili tu, moja ya Bwana Mbaruk muuza vitambaa na nyingine ya shangazi yangu Moza, nyumba aliyoijenga babu, yenye mlango wa nakshi na baraza la chokaa ambalo wazee wa mtaa wanakaa kunywa kahawa tangu baba yangu hajazaliwa. Picha zake zilipopita mezani kila mjumbe alisema hii ndiyo. Nilitoka kikaoni natembea kama naenda kucheza ngoma.

Wajumbe wanajua ni shangazi yangu, hilo sikuficha, ila tulikubaliana kamati itapita Jumamosi bila kuwaambia wenye nyumba, tuzione zilivyo siku zote, nami sikuweza kuvumilia, jioni ile ile nikampigia shangazi nikamwambia ajiandae, Jumamosi kuna wageni wakubwa wanakuja kuitazama nyumba, Mungu akipenda tutacheka, nikakata simu na raha zangu. Ombi lenyewe aliliandika mwanawe, binamu yangu Seifu, na shangazi alibariki tu akidhani ni fedha za kuijenga nyumba upya, ya kisasa.

Sasa sisi watu wa Pwani unatujua, mgeni akija lazima akute panang'aa. Jana nimepita pale natafuna kitumbua, nikamkuta fundi Safari amepiga magoti barazani anapachika marumaru, nyeupe zenye maua ya waridi, nusu ya baraza imeshafunikwa na chokaa ya babu imechimbuliwa imerundikwa pembeni, na shangazi amesimama na kanga kiunoni, uso umejaa nuru, ananiambia, "Umeona, mwanangu? Wageni wako hawatakalia nyufa." Akaongeza kwamba Ijumaa mlango unang'olewa, ameshaagiza wa alumini wenye kioo.

Nikasema hongera shangazi, nikamaliza kitumbua, nikaondoka. Nikiwaambia wenzangu watajua nilivujisha siri na watanitoa kwenye kamati, nikinyamaza watakuta alumini na waridi, fedha ziende kwa Bwana Mbaruk na nyumba ya babu imeshaharibiwa na mdomo wangu, nikimzuia shangazi ataona nimemdharau mbele ya fundi. Nifanyeje, Bi Zeina? Jina langu naomba ulifiche.

Mjumbe, Kariakoo

*

Marahaba, mwanangu. Umenichekesha asubuhi hii, mpaka nilipofika kwenye ule mlango. Nami nimefurahi pamoja nawe, nisikufiche, maana ni lini mara ya mwisho Kariakoo tulisikia nyumba ya zamani inatafutiwa fedha ibaki, badala ya kutafutiwa katapila? Bahati kama hii hatuiachi ipotee hivi hivi.

Lakini kwanza nikugombeze. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa ni chako. Bwana Mbaruk hakupigiwa simu na mtu yeyote, au siyo? Basi usiisingizie furaha. Halafu hata huko kuvujisha umevujisha nusu. Unamwambia mwanamke wa Pwani wageni wakubwa wanakuja, humwambii kwamba wanaipenda nyumba ilivyo, ulitegemea awapokee kwenye nyufa? Ningekuwa yeye ningepaka na rangi. Na jana Mungu alikupa nafasi ya kusema, ukatafuna.

Leo hii mpigie mwenyekiti wako. Mwambie ulivujisha, mwambie hali ya baraza ilivyo, na mwambie kwamba nyumba hizi mbili zikiamuliwa wewe utakuwa nje ya chumba, jambo ambalo ungelifanya tangu siku ya kwanza, siyo kujisifu kwamba hukuficha undugu. Wakikutoa, toka kwa adabu. Waombe tu waende Jumamosi kama walivyopanga, na kama nyumba ya Bwana Mbaruk itashinda kwa haki, nenda kampe mkono.

Baraza lililofunikwa nusu si msiba. Ile chokaa iliyorundikwa isitupwe, fundi anayeijua kazi ya zamani ataitazama apate kulirudishia jinsi lilivyokuwa. Wasiwasi wangu ni mlango. Ukishatoka pale ukapandishwa mkokoteni wa mnunuzi wa milango ya zamani, hutauona tena. Kwa hiyo nenda kwa shangazi yako leo, usingoje Ijumaa, wala usimsimamishe fundi wake kabla hujazungumza naye mwenyewe, ndani, mbali na Safari.

Na ukifika usianze na kamati. Barua nzima umenisifia nyumba ile, na wajumbe wenzako wameisifia mezani, lakini sijaona mahali ulipoandika kwamba kuna mtu aliyeisifia mbele ya shangazi yako mwenyewe. Mlimwomba baraka tu, mkaenda zenu. Miaka yote hiyo anakaa na nyumba nzuri kuliko zote mtaani, na anachokijua ni kwamba ina nyufa. Mshike mkono, mwambie baraza la baba yake ni zuri na mlango wake ni mzuri, na kwamba watu wazima wamegombea kuja kuvitazama. Mwambie wewe, mwanangu, asije akayasikia haya mara ya kwanza kwa wageni. Kumwambia fundi aache, hiyo atafanya mwenyewe.