Koo la Mwalimu wa Kwaya

Kibosho, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Antoni,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo hapo mjini Pasua? Victoria na watoto wake hawajambo? Sisi huku wazima, ila jua ni kali na migomba ya kihambani, shamba letu la nyumbani, imeanza kulegea. Goti langu nalo limevimba, ndiyo maana sijashuka kukuona.

Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu sikuambulia neno. Nilisikia mkwaruzo tu, halafu binti yako Victoria akaipokea akasema daktari amekukataza kulazimisha sauti. Basi tuandikiane. Jirani yangu Gladys hushuka sokoni na ndizi kila Ijumaa, atatubebea.

Victoria amenieleza na lile jingine: kwamba ni saratani, kwamba wanataka kulitoa koromeo lote, na kwamba umekataa. Kwa nini, Antoni? Bila operesheni wanasema hufiki Krismasi.

Jana kwenye mafundisho ya kipaimara binti mmoja aliniuliza habari zako, "Mwalimu, mbona Mungu amemnyang'anya mwalimu wa kwaya sauti, na walevi wanaimba kila siku?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Wewe ungemjibuje?

Dada yako,
Mektrida


Pasua, 9 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Milele amina. Mimi nipo. Kumeza ni kazi, lakini Victoria akiuchuja mtori wa ndizi zako, unapita.

Nimekataa kwa sababu kuimba ndiyo sala pekee niliyowahi kuijua vizuri. Wakitoa koromeo, hata kunong'ona sitaweza. Mungu akiitaka sauti yake, basi aichukue pamoja na mimi.

Kuhusu huyo mtoto, usimwambie ni dhambi. Hilo nimeshaletewa hapa. Mtu mmoja wa maombi alikuja akaniuliza nimemkosea nani. Nikamwandikia kwenye karatasi habari za yule kipofu wa tangu kuzaliwa, jinsi Yesu alivyokataa kwamba alikosa yeye au wazazi wake. Akaaga. Nilipobaki peke yangu nikaendelea kusoma. Yesu anasema ilikuwa hivyo ili kazi ya Mungu ionekane. Haya dada, yule aliondoka pale anaona. Kwangu mimi itaonekana kazi gani? Sikuulizi kwa hasira. Nataka kujua kweli.

Mdogo wako,
Antoni


Kibosho, 17 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mtori unapita. Nimekuongezea mkungu mmoja.

Nilimjibu yule binti. Nilianza na Adamu, jinsi ulimwengu ulivyoharibika. Akasema, "Na ng'ombe wetu anayekohoa, yeye alikosa nini?" Nikaenda kwa Ayubu. Akataka kujua kama wale watoto wa Ayubu waliokufa mwanzoni walifufuka. Nikasema mateso yetu tunayaunganisha na ya Kristo. Hapo uso wake ulionyesha hajaridhika, na wangu pia.

Nikaenda kwa paroko. Aliweka kikombe chake chini akasema, "Nilitoka seminari na majibu manne. Nilipomzika mama yangu nikabaki na moja: kwamba Mungu hakutazama kwa mbali, alikuja akaumia pamoja nasi. Mwambie Antoni aende hospitali."

Nami naongeza langu. Hata Yesu pale bustanini aliomba kikombe kimwondokee. Hakuyapenda maumivu. Wewe umeyapendea nini mpaka ukatae tiba?

Dada yako,
Mektrida


Kibosho, 10 Machi 2024

Antoni,

Salamu nyingi. Gladys amerudi mikono mitupu wiki tatu. Leo Victoria amenipigia, anasema umelazwa, utapasuliwa Alhamisi, na kwamba sahihi uliiweka mwenyewe. Nilimwuliza nini kilikugeuza, hajui. Nikajisifu kidogo kwamba ni barua yangu. Ni kweli?

Nakuombea. Ukiamka, niandikie hata mstari.

Dada yako,
Mektrida


Pasua, 4 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Goti linaendeleaje? Nimerudi kwa Victoria. Napumulia kitundu shingoni chenye kibomba ndani. Sauti imekwenda.

Si barua yako, nisamehe. Nilipolazwa kwa sababu ya kushindwa kumeza, kwenye kitanda cha pili alikuwapo Hafidhi, fundi cherehani wa hapahapa Pasua, ugonjwa wetu mmoja. Naye alikuwa anaogopa kupasuliwa. Siku moja akaninong'oneza, "Ninyi Wakristo mnasemaje? Kwa nini Mungu anayaruhusu haya?"

Nami nikamnong'oneza, "Tunasema mengi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na sisi pia." Kisha akanishika mkono. "Bwana Antoni, wewe ukikubali nami nakubali. Peke yangu siwezi."

Mkewe, Rukia, alikuwa amesimama pale na chupa ya uji, ananitazama. Nikaona kukataa kwangu si kwangu peke yangu tena. Nikaweka sahihi, na yeye akaweka.

Tulipasuliwa siku moja. Mimi niliamka vizuri. Yeye siku ya tatu moyo ulisimama. Daktari anasema ulikuwa umechoka tangu zamani, hakuna aliyekosea.

Sasa nieleze. Mimi niliyekuwa tayari kufa nimebaki. Yeye aliyetaka kuishi ameondoka, na alinifuata mimi. Usiniletee Ayubu.

Mdogo wako,
Antoni


Kibosho, 13 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana. Goti linapungua, mvua ndiyo imezidi.

Nimeisoma barua yako mpaka Gladys akaniuliza kama ni msiba. Sina jibu, Antoni. Leo darasani niliwaambia watoto hivyohivyo: sijui. Nilidhani watanidharau. Mikono ikainuka pande zote. Mmoja akauliza, kama Yesu alijua atamfufua Lazaro baada ya dakika chache, alilia nini? Tulibishana mpaka mvua ikakatika.

Nimerudi nyumbani na swali hilo. Naona wale dada wawili wa Lazaro walimlaumu kwa kuchelewa, naye hakuwaeleza kwa nini alichelewa. Aliuliza ndugu yao amelazwa wapi, akaenda huku analia.

Umekwenda kwa Rukia? Nahisi bado. Nenda.

Dada yako,
Mektrida


Pasua, 23 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda.

Nilisubiri Idi ipite, halafu nikakosa visingizio. Victoria alinisindikiza. Rukia yuko kwenye eda ya kufiwa na mume, amekaa na mama mkwe wake. Kwa kuwa siwezi kusema, nilikuwa nimeandika karatasi: kwamba mumewe alikubali kwa sababu yangu, na kwamba kama ana neno juu yangu aliseme.

Aliisoma polepole, akampa mama mkwe, naye akaisoma. Mle ndani ilisikika pumzi yangu tu. Nikajua nimefanya vibaya kuja.

Rukia akainua kichwa. "Hicho kitundu kinapiga mluzi tangu lini?"

Victoria akasema tangu juzi.

"Kinaanza kuziba. Chemsha maji." Akamwelekeza binti yangu pale pale, jinsi ya kukitoa kibomba cha ndani, kukisugua, kukirudisha. "Manesi walinifundisha," alisema. "Nilitaka akirudi nyumbani nijue kila kitu." Kisha akaingia chumbani, akatoka na vitambaa vyepesi vya kufunika shingo, vya kuzuia vumbi. Alivishona kwa cherehani ya Hafidhi tulipokuwa bado wodini. Akampa Victoria vyote.

Nikashika kalamu nimwandikie asante. Akatikisa kichwa. "Siku ile ulipoweka sahihi," akasema, "alikula. Alikuwa na siku mbili hajala."

Mama mkwe akageukia ukutani akalia, na mimi nikalia. Sikujua kwamba mtu huweza kulia bila sauti kabisa, dada. Machozi yanakuja tu.

Kwa nini yeye na si mimi, bado nauliza. Nadhani nitakufa nikiuliza. Ila pumzi inapita vizuri, na nimevaa kimoja cha vitambaa vile ninapokuandikia. Kina harufu ya sabuni ya nyumba ile.

Mdogo wako,
Antoni